Siku Tuliyokwenda Msibani Tarakea

Barua ilinifikia Alhamisi, nikiwa darasani Uru nawafundisha watoto hesabu za kugawanya. Katekista mmoja aliyekuwa anatoka mjini aliegemeza baiskeli yake mlangoni, akanikabidhi bahasha, akaenda zake. Niliutambua mwandiko kabla sijaifungua. Ulikuwa wa mwenzangu niliyesoma naye chuo cha ualimu, ambaye wakati ule alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja huko Sanya Juu.

Tulikuwa vijana wanne tu kutoka Kilimanjaro katika chuo kile cha serikali, mbali na kwetu, safari ya treni ya siku nzima na zaidi. Kwa kuwa tulikuwa wachache tulishikamana. Tulikula sahani moja, na wenyeji wakituita kwa pamoja "watu wa mlimani," hata yule mwenzetu wa Moshi mjini ambaye mlima aliuona kwa mbali tu kama mtu mwingine yeyote. Tulipomaliza, kila mmoja alipangiwa shule yake. Mimi nilirudi kwetu Uru, mmoja akaenda Sanya Juu, mmoja akabaki mjini, na wa nne akarudi kwao Rombo, kwenye shule iliyo karibu na Tarakea, mpakani na Kenya. Mwanzoni tuliandikiana kila mwezi. Halafu tukaoa, watoto wakaja, kahawa ikataka kupaliliwa, vita vikaanza hata vikaisha, na barua zikawa za Krismasi na Idi. Mwishoni hata hizo zikakoma.

Yule wa Sanya Juu alipenda Kiswahili kizito tangu chuoni. Mwalimu wetu wa lugha alimwambia siku moja mbele ya darasa, "Wewe ukiwa na kiu, sema unataka maji. Usituambie koo lako limeingiwa na kiangazi." Tulicheka mpaka tukaumwa mbavu, lakini yeye hakuacha. Barua yake ile ilisema hivi:

"Ndugu yangu, kwa moyo mzito nakuarifu kwamba mwenzetu wa Tarakea ametutoka. Imekuwa ghafla mno; hata kwaheri hakutuaga. Shule yake imebaki yatima, na pengo aliloliacha sioni wa kuliziba. Habari hizi nimezipata kwa msimamizi wa shule mwenyewe. Ningekwenda, lakini mkaguzi anakuja kwangu wiki hii. Ninyi mlio karibu nendeni mkaione nyumba yake."

Niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama. Watoto walinitazama. Niliwaambia wafunge vitabu waende nyumbani, na kwa kuwa haikuwa desturi yangu kuwaachia mapema, walitoka kimya kimya, wakaanza kupiga kelele walipofika barabarani.

Nyumbani mke wangu alikuwa anamenya ndizi. Nilipomwambia, aliweka kisu chini.

"Yule aliyekushonea suruali ya harusi yetu?"

"Ndiye."

"Masikini. Na watoto wake bado wadogo." Akakiokota tena kisu, akasema, "Utamchukua yule beberu mwekundu. Mtu haendi msibani mikono mitupu."

Nilisema beberu ni mzigo, safari ni ndefu. Akaenda kutafuta kamba. Ijumaa mchana niliteremka mjini nikiwa nimevaa koti jeusi nililoazima kwa shemasi, beberu ananifuata nyuma kwa kamba, akisimama kila penye majani.

Rafiki yetu wa mjini alikuwa akiishi nyumba ya baba yake. Baba huyo alikuja zamani na reli kutoka Tanga, akamwoa Mpare, akabaki Moshi akiwa fundi seremala. Rafiki yangu nilimkuta ndiyo kwanza anatoka msikitini, kanzu nyeupe, kofia mkononi. Nilimpa barua. Aliisoma, akakaa kwenye kizingiti cha mlango, akasema, "Inna lillahi." Mama yake alituletea chai. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaona nyuso zetu, akarudi ndani bila kuuliza.

"Sikumwandikia miaka miwili," rafiki yangu alisema.

"Mimi mitatu," nikasema.

Jumamosi alfajiri tulipanda lori la Singasinga mmoja aliyekuwa akipeleka chumvi, sabuni na vitambaa Rombo na kurudi na mahindi na maharage. Alipomwona beberu alitaka kugoma. Lakini aliposikia tunakwenda msibani alishuka mwenyewe, akamfungia beberu nyuma kati ya magunia ya chumvi, akatuweka sisi mbele karibu naye, na nauli akakataa kuipokea. "Mwalimu ni mtu mkubwa," alisema. "Mwalimu wangu alipokufa, mji mzima ulifunga maduka."

Njia yote kutoka Himo kwenda juu, rafiki yangu alikuwa anaandika. Tangu chuoni ndiye aliyekuwa msemaji wetu; mkuu wa chuo alipoagwa yeye ndiye aliyesimama. Sasa alikuwa na karatasi mbili magotini, lori likiruka kwenye mashimo na kalamu ikichora mistari isiyokusudiwa. Aliniuliza, "Niseme 'mpole' au 'mvumilivu'?" Nikamwambia aseme yote mawili, marehemu hatapinga. Singasinga alitikisa kichwa kwa huzuni, akapunguza mwendo ili rafiki yangu aweze kuandika vizuri.

Tulifika Tarakea saa nne, siku ya soko. Watu walikuwa wengi mno, wa huku na wa ng'ambo ya mpaka, wanawake wamebeba vikapu vya maharage na mikungu ya ndizi. Tulimsimamisha mama mmoja wa makamo, tukamwamkia, nikamuuliza ilipo nyumba ya mwalimu.

"Mwalimu yupi? Yule aliyekuwa mwalimu?"

"Huyo huyo, mama," nikasema.

"Ile yenye bati jipya. Fuateni watu tu."

Kweli watu walikuwepo. Mbele ya nyumba ile walisimama si chini ya ishirini, wanawake wengi na wanaume wachache, wakiwa wametulia kwenye mstari. Niliguswa sana. Nilijiambia kwamba mtu akifundisha vizuri, hata wakulima wanaacha soko lao wakaja kuwafariji jamaa zake. Tulivua kofia.

"Poleni sana," rafiki yangu aliwaambia kwa sauti ya chini.

"Asante," akajibu mwanamke wa mwisho mstarini. "Tumesimama hapa tangu jua halijatoka."

"Tungependa kuingia kumpa pole mama wa nyumba."

"Mtamwona. Lakini pangeni mstari kama wenzenu."

Mwanaume mmoja mbele aligeuka, akamwona beberu na koti langu jeusi, akasema kwamba hawa wanatoka mbali, waacheni wapite. Basi tukapita, watu wakitupisha, na beberu akalia kama aliyeelewa jambo.

Mke wa mwenzetu alikuwa sebuleni akipiga pasi ya mkaa. Nilimjua tangu harusi yao. Alipotuona aliweka pasi pembeni, akapiga vigelegele vifupi, akatushika mikono yote miwili.

"Karibuni shemeji zangu! Leo mmetukumbuka!"

Tuliangaliana. Rafiki yangu alikohoa. "Pole sana, shemeji."

"Asante. Kazi ni nyingi, lakini tumeshazoea."

"Mmeshazoea?"

"Mwanzoni nililia, sitawaficha. Nililia wiki nzima. Nilisema sasa tutaishije? Lakini Mungu si Athumani." Akacheka. "Sasa naona ilikuwa heri. Nyumba ina amani, tunakula vizuri, na bati mmeliona."

Sikujua niangalie wapi. Rafiki yangu alitoa leso akajifuta uso ingawa jasho hakuwa nalo. "Na watoto, shemeji? Watoto wamelipokeaje?"

"Watoto! Hao ndio waliofurahi kuliko wote." Akachukua pasi, akaipuliza makaa. "Mwenzenu yuko huko nyuma, chini ya migomba. Nendeni mkamwone, mimi nitawapikia chai."

Kwetu wafu huzikwa nyumbani, ndani ya kihamba, shamba la ukoo la migomba, na nilijua tunakwenda kaburini. Tulizunguka nyumba polepole. Rafiki yangu alitoa karatasi zake. Mimi nilikuwa nimekasirika, nikijiambia moyoni kwamba mwanamke huyu nilimdhania vingine kabisa. Ndipo niliposikia mlio wa cherehani.

Chini ya migomba palikuwa na kibanda kilichoezekwa kwa majani, na ndani ya kibanda marehemu ameketi. Alikuwa amenenepa. Futi ya kupimia ilikuwa shingoni, na pini tatu zimetokeza mdomoni. Alipotuona aliacha kukanyaga, akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa shati lake. Alitazama koti langu jeusi. Alitazama beberu. Uso wake ukabadilika.

"Ni nani?" aliuliza kwa hofu. "Nani amekufa?"

Beberu alinyoosha shingo akang'ata jani la mgomba.

"Semeni basi! Ni yule wa Sanya Juu?"

"Ni wewe," nikasema.

Rafiki yangu alikuwa amekaa chini, palepale kwenye majani makavu ya migomba, na kanzu yake nyeupe. Nilidhani anazimia. Kumbe anacheka, machozi yanamtoka, karatasi ameziinua juu anazipunga kama bendera. Nilimpa mwenzetu barua. Aliisoma kwa makini, kama alivyokuwa akisahihisha madaftari, na alipofika mwisho akasema, "Hakukosea hata neno moja. Nimewatoka. Shule nimeiacha."

Hapo nasi tukaelewa. Mke wake alitoka mbio na birika mkononi kuuliza kelele ni za nini, na alipoelezwa, akakumbuka tulivyompa pole sebuleni na majibu aliyotupa, akaliweka birika chini akajifunika uso kwa kanga. Mpaka jioni alikuwa anashikwa na kicheko ghafla akiwa jikoni, peke yake.

Habari ilifika mstarini mbele ya nyumba haraka kuliko sisi. Wateja wote walihamia kihambani kumtazama mtu aliyeletewa rambirambi zake mwenyewe. Mzee mmoja alimshika mkono akamwambia, "Mwanangu, utaishi sana. Kifo kimeshapita kwako kikakukuta una kazi."

Tulipokwisha kupumua nilimuuliza ni kwa nini hasa aliacha. Alijibu huku anakunja nguo ya mtu, bila kututazama.

"Mlijua tangu chuoni napenda sindano. Nilikuwa nawashonea watoto wa shule kaptula zilizochanika, kisha mama zao wakaleta za kwao, kisha wa ng'ambo wakasikia. Msimamizi akanikuta Jumamosi moja barazani na cherehani. Akaniambia haifai mwalimu kuonekana hivi, nichague. Nilifikiri mwezi mzima. Nikachagua."

"Mbona hukutuandikia?"

"Niliona haya." Sasa alituangalia. "Serikali ilitusomesha, wazazi wetu waliuza mbuzi tukapata masanduku ya kusafiria. Ninyi mko na chaki zenu bado. Ningeandika nini? Kwamba nimekuwa fundi nguo? Kila nikianza barua naona mnacheka."

Ukweli ni kwamba kama angeniandikia mwaka ule, huenda ningecheka. Tulikuwa tumefundishwa kuona kwamba mtu aliyeshika chaki yuko juu ya mtu aliyeshika sindano. Na mimi nilikuwa nimevaa koti la kuazima, na yeye alikuwa na bati jipya na watu ishirini wanaomngojea. Nilimwambia, "Suruali ya harusi yangu ukiitazama hata leo, mshono haujaachia." Akatabasamu kwa mara ya kwanza sawasawa, kama zamani.

Beberu alichinjwa mchana. Rafiki yetu wa mjini ndiye aliyechinja, ili yeye naye ale, kama tulivyokuwa tukifanya chuoni kila tulipopata nyama. Majirani walileta mbege, pombe yetu ya ndizi, na yeye akaletewa chai yake. Mke wa mwenzetu alipika machalari ya ndizi na nyama sufuria mbili, na hakuna aliyerudi sokoni.

Tulipokwisha kula, mwenzetu alisema, "Sasa nataka kusikia hotuba yangu."

Rafiki yetu alikataa. Alisema hotuba ya maziko haisomwi mbele ya mwenye maziko. Watu wakapiga makofi, wakamsukuma, na mwishowe akasimama na karatasi zake zenye mistari ya lori. Alianza kwa mzaha, akisoma "marehemu alikuwa mpole na mvumilivu," na marehemu akiinamisha kichwa kwa adabu. Watu walicheka. Kisha akafika ukurasa wa pili, akasita. Nilimwona anataka kuruka. Hakuruka.

Alisoma kwamba mwaka wetu wa pili chuoni kioo cha taa kubwa ya bwaloni kilivunjika. Mkuu wa chuo alituuliza sote, na marehemu akasimama akasema ni yeye. Aliadhibiwa kubeba maji ya jikoni kutoka mtoni kwa wiki mbili, asubuhi na mchana. "Aliyevunja kioo kile ni mimi," alisoma. "Nilikuwa nacheza na mpira wa matambara ndani, jambo tulilokatazwa. Niliogopa kufukuzwa, nikanyamaza. Yeye aliniona, lakini hakuniambia neno, wala mimi sikumwambia ahsante. Miaka yote hii nimekuwa nikisema nitamwambia tukionana. Sasa nimechelewa."

Alikunja karatasi. Mwenzetu alikuwa anavuta uzi uliokuwa umening'inia kwenye suruali yake.

"Hujachelewa," alisema.

"Ahsante," rafiki yetu akamwambia. "Lakini niambie kwa nini ulifanya vile. Nimejiuliza siku nyingi."

"Ulikuwa umefunga," akajibu. "Ilikuwa Ramadhani, umesahau? Mto uko mbali vile, jua lile, na wewe tangu alfajiri hujanywa hata tone. Ungebebaje maji? Ungeanguka njiani, na ndoo zingevunjika pia. Mimi nilikuwa nimekunywa uji."

Alilisema jambo lile kama mtu anayekueleza kwa nini alichukua njia ya mkato. Rafiki yetu alimtazama, akaenda akakaa karibu naye kwenye benchi, na kwa muda mrefu mkono wake ulikuwa begani kwa mwenzetu. Mimi nilijitia kuangalia migomba. Tulilala chumba kimoja miaka mitatu sote wanne, na jambo hilo sikuwahi kulijua.

Jumapili lori lilitupitia likirudi. Singasinga aliteremka, akatushika mkono kwa heshima, akauliza mazishi yalikwendaje.

"Marehemu hajambo," nikamwambia. "Anakusalimu."

Alituangalia mmoja mmoja. Tulipomsimulia alicheka mpaka akalazimika kuzima injini, akasema sasa nauli atatutoza, ya kwenda na ya kurudi. Hakututoza. Alichofanya ni kumwendea mwenzetu wiki iliyofuata na vitambaa vya mashati mawili, na baadaye akawa anamletea vitambaa na nyuzi kila safari.

Mimi nilimwandikia mwalimu mkuu wa Sanya Juu. Nilimweleza yote, nikamtaja beberu. Alijibu upesi kwamba yeye aliandika "ametutoka" na hakuandika "amekufa," na kwamba asiyejua lugha asimlaumu mwandishi. Tulidhani yameisha. Kumbe mwenyewe hakupata raha. Mkaguzi alipoondoka na likizo ikaingia, alipanda mabasi mawili na lori moja mpaka Tarakea, ana mbuzi jike mkononi, na mkono wa pili ameshika jani la isale, lile ambalo Mchagga akikuletea limefungwa fundo, msamaha huwezi kumnyima. Alisimama uani, akaanza hotuba yenye maneno mazito, na mwenzetu akalipokea jani kabla hajafika katikati, akasema, "Ndugu yangu, umenirudishia marafiki wawili. Karibu ndani, nikupime suruali, hiyo uliyovaa inakutia aibu."

Tangu hapo tukapanga kukutana kila mwaka, zamu kwa zamu, na wake zetu na watoto. Mwaka wa kwanza ilikuwa mjini, siku ya Idi pili. Mwalimu mkuu wa Sanya Juu alikuja na asali. Mke wangu na mke wa fundi walikaa jikoni na mama wa nyumba wakipika pilau, na kila baada ya muda tulisikia wanacheka, nasi tulijua wanachekea nini. Fundi mwenyewe aliingia na furushi kubwa chini ya kwapa. Alikuwa ametushonea makoti matatu, meusi, ya kitambaa kizuri cha Singasinga, bila kutupima. Alisema macho yake yanatosha. La mwalimu mkuu lilimkaa kama alizaliwa nalo. La rafiki yetu wa mjini lilikuwa zuri pia. Langu lilikuwa zuri mabegani, ila mkono wa kushoto ulikuwa mfupi kwa vidole viwili. Nilimwonyesha. Alilitazama, akauvuta mkono wangu, akautazama na wa pili, akasema kosa ni la mkono, si la koti.

Nililivaa shuleni miaka saba.